Vifaa vipya vya kupanda milima: kipi kina kazi kweli huku kwetu Nyanda za Juu Kusini?

Mweka hazina wa Mbeya (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa. Naleta suala hili kwa wale waliokwisha kuipanda milima ya huku kwetu kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu ushauri nilioupata hadi sasa umetoka kwa wauzaji na kwenye video fupi za mitandaoni, na siuamini kiasi cha kuulipia kwa fedha ya watu.

Kikundi chetu kiko jijini Mbeya. Tunapanda Loleza na Kilele cha Mbeya, kiangazi tunakwenda Rungwe na Ziwa Ngozi, na Kitulo tunaifuata wakati wa maua, ambao ndio huohuo wakati wa mvua. Tumechangishana kwa muda mrefu na sasa mfuko unatosha kununua vifaa vya kutumia kwa pamoja. Orodha niliyokabidhiwa na vijana ina makoti ya mvua yenye utando unaopitisha jasho, viatu vyepesi vya kukimbilia milimani, fimbo za kaboni na saa janja yenye ramani. Kwa kuwa baadhi yetu wanataka pia kujifunza kukwea na kushuka kwa kamba kwenye miamba ya Iringa, wameongeza kamba, hanesi (mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani ya kufungia kamba), karabina (vikulabu vya chuma vyenye mlango) na slingi (vitanzi vya utepe) nyembamba za Dyneema, nyuzi za plastiki ngumu, ambazo wanasema zimeziondoa sokoni slingi za nailoni.

Naomba nieleweke kwamba sikipingi kitu kwa sababu tu ni kipya. Kinachonitia shaka ni kwamba sifa za vifaa hivi zinatolewa na watu waliopewa bure ili wavionyeshe, na wanaonyeshea katika milima yenye hali ya hewa tofauti kabisa na yetu. Wakati huohuo tunapishana njiani na wazee wa vijiji vya chini ya Rungwe wakiwa na mabuti ya mpira, sweta na panga, nao wanafika waendako na kurudi salama. Kwa upande mwingine, sitaki niwe mtu aliyekizuia kifaa ambacho kingemwokoa mwenzetu, eti kwa sababu nilikidhania kuwa fasheni.

Swali langu ni hili: katika orodha hiyo, kipi kina kazi hapa kwetu, kipi ni cha kuachana nacho, na mnunuzi atajuaje kabla ya kutoa fedha?

Mwongozaji wa Isongole

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa swali lako, na nitaanza na koti kwa sababu hapo ndipo wageni wengi ninaowaongoza huishia kulalamika.

Utando huo unaosifiwa si jambo jipya. Bob Gore aligundua namna ya kuivuta plastiki ya PTFE hadi ikawa na vitundu visivyoonekana kwa macho mwaka 1969, na makoti ya kwanza ya namna hiyo yakaingia sokoni mwaka 1976. Matundu hayo ni madogo mno kupitisha tone la mvua, lakini yanapitisha mvuke wa jasho, alimradi huko nje kuwe na hewa kavu au baridi ya kuuvuta mvuke huo utoke. Sasa fikiria msitu wa Rungwe mwezi wa tatu. Ukungu umejaa hadi kwenye mianzi, majani yanadondosha maji hata mvua ikiwa imekatika, na hewa ya nje ina unyevu karibu sawa na ile iliyo ndani ya koti lako. Mvuke hauna pa kwenda kwa haraka. Tena kitambaa cha juu cha koti hupakwa dawa ya kufukuza maji, na dawa hiyo huisha kwa kusuguliwa na mikanda ya begi na kwa uchafu. Ikishaisha, kitambaa kinalowa na kuwa kama gunia lililomwagiwa maji, jasho linagoma kutoka, na mwenye koti anasema koti linavuja ilhali amelowana kwa jasho lake mwenyewe.

Kwa hiyo msinunue koti kwa kutazama namba ya upitishaji jasho iliyoandikwa kwenye lebo, kwa kuwa inapimwa maabara. Tazameni kofia ya koti kama inafunika paji la uso, tazameni mishono kama imebandikwa utepe kwa ndani, tazameni kama kuna zipu za kufungua kwapani ili joto litoke, na hakikisheni koti linafunika makalio. Koti la namna hiyo likifuliwa kwa sabuni isiyo kali, likasuuzwa vizuri na kukaushwa kwa joto la wastani, dawa yake inaamka tena kwa kiasi fulani. Wengi wetu tunaogopa kulifua koti la gharama, na hiyo ndiyo inayoliua mapema.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wako wanaweza kuwa hawajalisikia. Dawa na tando za zamani zilitumia kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazioziki kirahisi katika maji na udongo, na Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuzuia nguo zenye kemikali hizo. Viwanda vinahamia kwenye tando za polithini na dawa zisizo na kemikali hizo, ambazo zinahitaji kufuliwa mara kwa mara zaidi kwa sababu mafuta ya mwili huziziba haraka. Nadhani makoti mengi ya aina ya zamani yatamiminika kwenye marobota ya mitumba, na nisingependa kuona kikundi chochote kinayachukulia kuwa ndiyo teknolojia mpya.

Baridi ya huku huzuiwa na nguo ya ndani. Jiji la Mbeya lipo kwenye mita kama 1,700 na kilele cha Rungwe kipo karibu na mita 2,960, na kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, hivyo kileleni kuna upungufu wa nyuzi kama 8 kabla hujahesabu upepo na kulowana. Fulana ya pamba ikishalowa jasho inakaa na maji yake hadi mnashuka. Sweta ya sufu ya mtumba kutoka soko la Mwanjelwa, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya koti, inabaki na joto hata ikiwa na unyevu. Kama mfuko hautoshi vyote viwili, nunueni sweta nzuri kwa kila mtu, kisha makoti ya kawaida ya mpira.

Kuhusu viatu, vile vyepesi vinafaa Loleza wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu. Rungwe vinajaa tope na havizuii kisiki. Hofu yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni mabuti ya mtumba yanayoonekana mapya. Soli ya kati ya mabuti mengi hutengenezwa kwa poliuretani, na poliuretani huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini bila kuvaliwa. Ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, lakini katikati pamekwisha kuoza. Niliwahi kuwa na mgeni ambaye soli zake zote mbili ziliachia ndani ya mianzi, moja baada ya nyingine, na tukazifunga kwa vipande vya tyubu ya pikipiki hadi tukafika barabarani. Kabla ya kununua, bonyeza soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba, kisha ikunje. Ukiona mipasuko midogo kama ya udongo mkavu, au vumbi linabaki kidoleni, au panashika kama gundi, kirudishe kiatu mezani hata muuzaji akishusha bei kiasi gani. Usidanganyike kwamba fundi atakishona, kwa maana hakuna kilichobaki cha kushikwa na uzi.

Fimbo nitazisema kwa ufupi. Zinasaidia magoti wakati wa kushuka, hilo halina ubishi. Alumini ikibanwa kati ya mawe inapinda na unaweza kuinyoosha ukaendelea na safari, lakini kaboni ikipata ufa inakatika. Fimbo ya mti uliyotoka nayo nyumbani inatosha kabisa, ila msikate mianzi mkifika, kwa kuwa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na msitu ule ni makazi ya kipunji, aina adimu ya nyani.

Binti wa Uyole

Shikamooni mlionizidi umri. Kaka mwongozaji amesema mengi ya kweli, lakini naomba kuchangia upande ambao haujasikika.

Wazee wanaovaa mabuti ya mpira hawakuyachagua baada ya kuyalinganisha na viatu vingine. Wamevaa kilichopo dukani kwa bei wanayoiweza, na wengi wao wana maumivu ya miguu ambayo hakuna anayeyapiga picha. Kuwasifia kwamba wao hawahitaji vifaa ni rahisi kwa mtu ambaye habebi mzigo wao. Nimewaona wapagazi wakipanda na mahema mazito ya turubai kwa sababu mwenye kampuni anaona mahema mepesi ni anasa, wakati kila kilo inayopungua kwenye hema inapungua mgongoni mwa mtu.

Historia ya ukweaji nayo inatuonya tusiwe wepesi wa kukataa. Vifaa vya chemchemi vinavyopanuka ndani ya ufa wa mwamba, alivyovibuni Mmarekani Ray Jardine na vikaanza kuuzwa mwaka 1978, vilipotokea kulikuwa na wakweaji waliosema ni udanganyifu. Leo hii mtu anayekwea nyufa za mwamba bila kuwa navyo ndiye anayeulizwa sababu. Taa za kichwani za LED nazo zilibadilisha safari za usiku, kwa sababu mikono inabaki huru na betri inadumu, na bado naona vikundi vinashuka Loleza gizani mtu akishika simu kwa mkono mmoja. Mleta mada, kwenye orodha yako sijaona taa ya kichwani hata moja, na mimi ningeiweka juu ya koti na juu ya saa.

Hata hivyo nakubali kwamba mtindo unaweza kupita watu wote ukiwa hauna msingi. Viatu vyenye vidole vya kampuni ya Vibram vilipovuma, watu waliambiwa kwamba vinaimarisha misuli ya mguu na kupunguza majeraha. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kuweka dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai hayo, ingawa haikukiri kosa. Waliovinunua kwa kutegemea tangazo tu walikuwa wametangulia kulipa kabla ushahidi haujapatikana.

Jambo la mwisho linawahusu kina dada wa kikundi. Mkinunua mabegi, pimeni urefu wa mgongo wa kila atakayebeba, kwa sababu begi lililokatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu linaweka uzito wote mabegani badala ya nyonga. Hilo nalichukulia kuwa suala la uzima wa mwili, kwa hiyo lisije likawekwa kwenye kundi la urembo.

Fundi wa Minara, Iringa

Wakuu, kazi yangu ni kupanda minara ya simu, na nimefundishwa kazi ya kamba rasmi, hivyo nitajikita kwenye sehemu hiyo tu. Mleta mada, kwenye makoti na saa mashaka yako ni ya kuokoa fedha. Kwenye kamba lazima yawe makali zaidi, tena yaelekezwe kwenye vya zamani sawasawa na vipya.

Anza na kamba yenyewe. Zipo za aina mbili na zinafanana sana kwa macho. Kamba ya kukwea inavutika: ile inayotumika moja peke yake, kwa kipimo cha Ulaya cha EN 892, haitakiwi kumpa mtu anayeanguka mshtuko unaozidi kilonyutoni 12 (kilonyutoni 1 ni karibu uzito wa kilo 100) katika anguko la kwanza la jaribio, na inatakiwa ihimili maanguko 5 ya jaribio kwa uzito wa kilo 80. Kamba ya kazi za minara na ya kushukia, ambayo kipimo chake ni EN 1891, haivutiki zaidi ya asilimia 5, kwa sababu fundi anayening'inia kazini hataki kudundadunda. Ukianguka kutoka juu ya nanga, yaani mahali kamba ilipofungwa kwenye mwamba, ukiwa umefungwa kamba ya aina hiyo ya pili, mshtuko wote unabebwa na mgongo wako na nanga. Najua kuna kamba za minara zinazouzwa mitaani kwa bei nafuu zikiitwa za kupandia milima. Kwa kushuka, zikiwa mpya na nzima, zinafaa. Kwa kukwea ukiwa unatangulia mbele ya kamba, hapana kabisa. Tazama utepe ulio mwishoni mwa kamba, na kama namba ya kipimo haipo, hiyo si kamba ya kubeba mtu.

Slingi za Dyneema si uongo wa matangazo, ni vitu vizuri. Slingi ya upana wa milimita 8 tu inaandikwa kilonyutoni 22, ni nyepesi na hainywi maji, ilhali nailoni ikilowa inapoteza sehemu ya nguvu yake, na huku kwetu kulowa si ajabu. Tatizo ni kwamba Dyneema haivutiki karibu hata kidogo. Mtu akijifunga nanga kwa slingi hiyo, akapanda juu ya nanga na kuteleza, anguko fupi tu linaweza kuzalisha nguvu ya kuikata au kumvunja yeye, na fundo likiwepo hali ni mbaya zaidi kwa kuwa fundo hupunguza nguvu ya slingi kwa kiasi kikubwa. Tena inayeyuka kwenye joto la nyuzi karibu 145, wakati nailoni huvumilia zaidi ya nyuzi 200. Mwanafunzi anayefunga fundo la kujizuia, lile linaloibana kamba usiteleze unaposhuka, kwa uzi mwembamba wa Dyneema kisha akateleza kwa kasi juu ya kamba anatengeneza joto la msuguano mahali ambapo hapaswi kulitengeneza. Kwa kikundi kinachoanza ningenunua slingi pana za nailoni na nyuzi za nailoni za milimita 6 au 7 za kufungia mafundo. Kujishikiza kwenye nanga, tumieni kipande cha kamba ya kukwea yenyewe. Dyneema mtaijia baadaye, mkishajua kwa nini mnaitaka.

Karabina zitakazowadanganya ni zile za rangi nzurinzuri zinazoning'inizwa kwenye maduka ya vifaa vya magari na begi za shule. Ya kweli ina maandishi yaliyochongwa kwenye uti wake: nguvu ya urefu, ambayo haitakiwi kuwa chini ya kilonyutoni 20, nguvu ya mkingamo, nguvu mlango ukiwa wazi, pamoja na alama ya CE, ya kukidhi masharti ya Ulaya, au UIAA. UIAA ni shirikisho la vyama vya wapanda milima lililoanzishwa mwaka 1932, na alama yake ina maana kwamba bidhaa ya aina hiyo imejaribiwa maabara. Alama zinaweza kughushiwa, ndiyo, kwa hiyo nunueni kwa muuzaji anayetoa risiti yenye namba ya bidhaa. Namba hiyo ina kazi hata kwa bidhaa halali. Mwaka 2011 kampuni ya Petzl iliita zirudishwe baadhi ya Grigri 2, kifaa chake cha kushikia kamba kinachojibana chenyewe, kwa sababu mpini wake ulipolazimishwa kwa nguvu kubwa ungeweza kuharibika na kubaki wazi. Aliyenunua kwa muuzaji asiye na rekodi hangeweza kujua kama chake kimo kwenye orodha hiyo. Naongeza kwamba vifaa vya namna hiyo havimwondolei mshikaji wajibu wa kushika kamba kwa mkono wa breki, ule unaoizuia isikimbie, muda wote. Mtu akikuambia kinajifunga chenyewe kwa hiyo unaweza kuachia mkono, usikubali akushikie kamba.

Kofia ngumu nazo zinachanganywa. Kofia ya kawaida ya ujenzi ina kamba ya kidevu inayoachia ikivutwa kwa nguvu ndogo, ili mtu asinyongwe ikinasa kwenye chuma. Kofia ya mlimani, ya kipimo cha EN 12492, ina kamba ya kidevu inayobaki imeshika, kwa sababu mtu anayeanguka anapigapiga mwamba zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kuazima kofia za mafundi ujenzi ili kuokoa gharama haifai.

Na mahali pa kuhifadhia: mkisharudi, msiweke kamba kwenye chumba chenye betri ya sola au ya gari. Mvuke wa tindikali unaila nailoni bila kuacha doa lolote linaloonekana. Kwa wingi wa betri zilizomo majumbani mwetu, nalihesabu hili kuwa hatari iliyo karibu nasi kuliko kamba kukatwa na ncha ya jiwe.

Mwalimu wa Makete

Nitagusa saa janja tu. Simu mliyonayo tayari inapokea mawimbi ya satelaiti bila kuhitaji minara ya simu, kwa hiyo ramani ikipakuliwa mkiwa bado mjini, mtajua mlipo hata mtandao ukiwa haupo. Betri huisha kwa sababu ya baridi na kwa sababu simu inahangaika kutafuta mtandao, hivyo iwekeni kwenye hali ya ndege na muitie mfuko wa ndani, karibu na mwili. Pawabenki moja ya kikundi itatosha.

Msichoweza kukipata kwa saa wala simu ni msaada, endapo mtandao haupo. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Mlima Kilimanjaro, kituo cha Horombo, na nadhani habari ile iliwafanya vijana waamini kwamba milima yote sasa inafikika kwa simu. Kitulo ukishashuka kwenye bonde moja tu unaweza kuupoteza mtandao. Andikeni kwenye karatasi mnapita njia gani, mko wangapi na mtarudi saa ngapi, muiache kwa mtu atakayepiga simu msiporudi. Vilevile msifuate mstari wa njia uliochorwa na mtu msiyemjua kwenye programu ya ramani, kwa sababu njia za wakata kuni na za mifugo hubadilika kila msimu.

Mweka hazina wa Mbeya (mleta mada)

Nawashukuru sana kwa majibu haya, nami nimewasomea wenzangu kwenye kikao cha jana jioni. Fundi wa Minara, naomba nikuulize jambo moja. Kuna mtu anayefahamiana na mwanachama wetu ambaye anatuuzia hanesi zilizotumika kwa bei ya kutupa, na anasema zimekaa tu kabatini. Binti wa Uyole ametusihi tusiwe bahili, lakini pia tusitupe fedha. Je, hanesi iliyotumika ni kama sweta ya mtumba, au ni kitu tofauti?

Fundi wa Minara, Iringa

Ni kitu tofauti, mkuu. Sweta ikichanika unaona na unasikia baridi. Hanesi unaijua siku inapokatika.

Todd Skinner alikuwa miongoni mwa wakweaji wenye uzoefu mkubwa duniani, na alifariki Oktoba 2006 huko Yosemite, Marekani, wakati kitanzi cha mbele cha hanesi yake, kile kinachopokea karabina ya kamba, kilipokatika akiwa anashuka. Kitanzi kilikuwa kimechakaa. Kama mtu wa kiwango kile aliweza kuendelea kutumia kilichochakaa, sisi wa kuanza hatuna jicho la kuaminiwa zaidi ya lake.

Viwanda vingi huandika kwamba bidhaa za kitambaa zisizidi miaka 10 tangu zitengenezwe hata kama hazijatumika, na muda huo ni mfupi zaidi sana zikitumika mara kwa mara. Mwambie muuzaji akuonyeshe lebo ya mwaka wa kutengenezwa. Kisha mwulize kabati hilo lilikuwa na nini kingine ndani yake, jua liliingia kiasi gani, na nani alizivaa. Ukiona anajibu kwa kukushushia bei, basi umeshapata jibu. Mimi nisingezichukua hata kwa bure, na zikija mikononi mwangu ningezikata vipande ili asije akazivaa mtoto wa mtu.

Mwongozaji wa Isongole

Naunga mkono hoja ya fundi. Kwa kuongezea tu, mleta mada, kabla hamjanunua kamba yoyote tafuteni mwalimu kwanza, kwa sababu mwalimu mzuri huja na vifaa vyake. Mtajifunza kwa vyake na mtajua ni vipi mnavihitaji.

Mweka hazina wa Mbeya (mleta mada)

Kikao kimekubali hivi. Taa za kichwani zitanunuliwa kwanza, moja kwa kila mwanachama. Sweta za sufu tutazitafuta wenyewe Mwanjelwa, na kila mtu atabonyeza soli za viatu vyake kabla ya safari ijayo, kwa sababu jana jioni baada ya kikao tulizijaribu na mabuti ya wanachama wawili yaliacha vumbi kidoleni. Saa janja na fimbo za kaboni zimeondolewa kwenye orodha. Makoti tutanunua machache kwa wale wanaotangulia na wanaofunga msafara, tukifuata vigezo vya kofia, mishono na zipu, na atakayekabidhiwa koti atawajibika kulifua.

Fedha ya kamba na hanesi itakaa benki hadi tutakapopata mwalimu. Hanesi za yule ndugu tumezikataa, na mwanachama aliyemfahamu amempigia simu kumweleza sababu. Vijana wawili hawakuridhika na uamuzi wa slingi, wanasema nailoni ni ya kizamani, na nimewaomba waje wenyewe hapa waulize. Fundi, wakija naomba uwajibu kwa kirefu kama ulivyonijibu mimi, hasa lile la joto la msuguano, maana ndilo wanalolibishia zaidi.